Miche Nyuma ya Jiko la Bwana Mluzi

Elisha mwanangu,

Mama yako amekupeleka kanisani ukaombewe safari, na wadogo zako wamewafuata kwa sababu wamesikia kutakuwa na chai. Mimi nimebaki. Nimesema mgongo unaniuma, na ni kweli unauma, ila haukuanza leo. Nimebaki ili nikuandikie. Nikikaa mbele yako na kuyasema haya kwa mdomo, utaniangalia kwa yale macho yako ya huruma, kisha utasema, "Sawa, Baba," nami nitajua hujasikia hata moja. Karatasi huwezi kuijibu hivyo.

Mambo ya blanketi, sabuni, kuchemsha maji na kusali kabla ya kulala, mama yako ameshakuambia wiki nzima mpaka majirani wameyakariri. Siyarudii. Mimi nataka kukuandikia juu ya kitalu.

Uliporudi kutoka Moiben kumwona yule Kaburu mwenye ndevu, uliingia hapa mlangoni ukiwa na matope hadi magotini na ukapiga kelele, "Baba, amekubali nipande! Amesema naweza kufanya kitalu changu nyuma ya ghala!" Mama yako akapiga vigelegele. Mimi nikaendelea kunoa panga. Ukaniuliza kama sijafurahi, nikasema nimefurahi, ukaridhika na jibu hilo kwa sababu ulikuwa na furaha yako ya kutosha na hukuhitaji yangu.

Mpango wako naujua. Utakaa kwa huyo Kaburu mpaka mkataba uishe, umtengenezee bustani ya nyumba yake mpya, upande majani mbele na ua wa miiba ya kayaba kuzunguka boma lote. Jioni na Jumapili utalea miche yako mwenyewe kule nyuma ya ghala. Mkataba ukiisha utakodi mkokoteni, ulete miche hapa Eldoret, uende ofisi ya mji ukachukue leseni ya kontrakta wa bustani. Kisha tutafanya kazi pamoja, wewe na mimi, nyumba hadi nyumba, kwa bei tunayoitaja sisi, na hakuna mtu atakayetuita boi. Ni mpango mzuri sana. Naujua vizuri, Elisha, kwa sababu ulikuwa wangu kabla hujazaliwa.

Umewahi kuniuliza kwa nini nyumbani kwetu, ng'ambo ya Turbo, watu wa rika langu wakiniona hunisalimia "Kontrakta" halafu wanacheka. Nilikuwa nakwambia ni utani tu. Ni utani, ndiyo, lakini hivi ndivyo ulivyoanza.

Nilikuja huku nikiwa kijana wa umri wako. Wakati huo wenyeji waliita mji huu Sisibo, na wengine bado huuita hivyo. Zilikuwa nyumba chache za mabati na upepo mwingi, na nyasi za tambarare zilifika mlangoni. Wazungu walitaka kila kitu kifanane na kwao. Walitaka majani mabichi mwezi wa kwanza, wakati hata ng'ombe wanalamba vumbi, na maua ya waridi mahali ambapo baridi ya asubuhi inaunguza majani ya maharagwe. Nikaandikwa kazi ya bustani kwa bwana mmoja tuliyemwita Bwana Mluzi, kwa sababu alipiga mluzi tangu anapoamka hadi anapolala. Kipande changu, ile hati ya kuandikishwa kazi, kilitiwa jina lake, nikakivaa shingoni, nikawa mtu wa Bwana Mluzi.

Kazi yenyewe umeiona na umeifanya, kwa hiyo sitakulilia. Umande unalowesha miguu mpaka kucha zinalainika. Kayaba inachoma hata ukivaa gunia mikononi, na mwiba wake ukivunjikia ndani unakaa humo ukioza. Majani yale ya kutambaa tulikuwa tunayapanda kipande kwa kipande, tumepiga magoti, shubiri moja kutoka kipande hadi kipande, uwanja mzima. Kiangazi kikifika tunabeba maji aliyoogea Memsab, mke wa bwana, yakiwa bado na povu, tunayagawia majani debe kwa debe. Mimi nilikuwa sichukii kazi hiyo. Nakwambia ukweli, nilikuwa naipenda. Nilikuwa na mkono. Kijiti nilichokidunga ardhini kilishika, hata wenzangu walikuwa wakisema natemea mate ya dawa.

Siku moja nilimwomba Bwana Mluzi ruhusa ya kupanda miche yangu nyuma ya jiko, pale penye kokoto, mahali ambapo mpishi alikuwa anamwaga majivu. Akapiga mluzi kidogo, akaangalia, akasema, "Panda tu. Hapana sumbua mimi." Nikamshukuru karibu nimshike miguu.

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo nilipopotea, na kosa langu lilikuwa na akili kabisa.

Wewe umezaliwa mjini. Kule kwetu, kama umepewa mahali pa kukaa kwenye ardhi ya mtu mwingine, unaweza kulima mahindi, unaweza kujenga, unaweza hata kuzika mtoto. Lakini mti, hapana. Mwenye ardhi hatakubali upande mti, kwa sababu mti ni wa mkono ulioupanda. Ukiupanda na yeye anaona na amenyamaza, amekubali mbele ya watu wote kwamba una kitu chako pale. Siku ukihama, utaukata uondoke na mbao zako, au atakulipa, na wazee watakaa upande wako. Kwa hiyo mgeni akiomba kupanda mti, mwenye ardhi anafikiri usiku na mchana, anaita ndugu zake, na mara nyingi anakataa. Hata babu yako alimkataza rafiki yake wa karibu, na urafiki haukuvunjika, kwa sababu kila mtu alijua lile lilikuwa ombi la namna gani.

Bwana Mluzi hakuita ndugu. Hakufikiri hata kidogo. Alisema panda tu. Basi mimi nikarudi chumbani nikamwambia mama yako, "Yule mzungu ni mtu wa ajabu. Amenipa." Mama yako akaniuliza amenipa nini. Nikasema, "Amenipa miti." Tukakaa tunatazamana kama watu waliookota kitu njiani.

Nilifanya yote kwa haki, ili siku ya hesabu asipate neno la kusema. Sikugusa mche mmoja saa za kazi. Sikutumia maji ya tangi lake, hata kiangazi. Nilishuka mto Sosiani mwenyewe na debe kichwani, jioni baada ya kengele, na mama yako alibeba jingine akiwa na mimba yako. Mbegu za misaipresi niliziokota barabarani. Vijiti vya waridi nilipewa na boi wa nyumba nyingine, vile walivyokuwa wanavitupa baada ya kupogoa. Udongo mzuri niliutoa mtoni. Nilihakikisha kwamba hakuna kitu chake mle isipokuwa zile kokoto.

Miche ikashika. Ikajaa pale nyuma ya jiko, kayaba, misaipresi, mijakaranda, waridi kwenye mikebe ya samli. Wanawake wa kizungu wakija kunywa chai walipelekwa kuitazama, na Memsab akasema, "Petero ana mkono." Wakaniuliza kama naweza kuja kwao kupanda ua. Nikasema nitakuja, nikishapata leseni. Neno hilo nililisikia kwa Singasinga mmoja aliyekuwa kontrakta wa kujenga, na nililipenda mno. Nikalituma mpaka nyumbani. Nilimwambia babu yako nitarudi kwake nikiwa kontrakta, nimuezekee nyumba kwa mabati, aache kuhama na kikapu kila mvua ikinyesha.

Nikaenda ofisi ya mji. Karani alikuwa kijana wa upande wetu, amevaa koti. Akanipokea vizuri.

"Mzee, tajiri yako ni nani?"

"Kwa hii kazi sina tajiri wa kuniandika. Nataka kujiandika mwenyewe."

Akageuza karatasi akaniwekea kidole. "Hapa ni mahali ya tajiri. Mahali yako ni hapa chini. Sasa hapa juu niandike nani?"

"Andika mimi."

"Na hapa chini?"

"Hapo pia andika mimi."

Akacheka, halafu akaangalia mlango wa bwana wake akaacha kucheka. "Mzee, unataka tufungwe wote wawili?"

Lakini hakunifukuza. Aliinamisha kichwa akanieleza taratibu, kwa lugha ya kwetu. Alisema leseni hiyo haijawahi kutolewa kwa mtu mweusi, lakini kama inaweza kutolewa, watataka kuona kwamba tajiri wangu ameniachilia kwa wema na kutia sahihi kwenye kipande, na kwamba nina mali ya kazi. Jembe na panga hazitoshi. Kontrakta ni mtu mwenye mali. "Uko na mali, Mzee?" Nikamwambia ninayo. Nikatoka pale natembea kifua mbele.

Bwana Mluzi alitia sahihi bila kusita. Hata aliandika kwamba mimi ni mwaminifu na silewi. Akanipa mkono. Nataka ulijue hilo, alinipa mkono wake. Hakuwa mtu mbaya, na mpaka leo siwezi kumchukia vizuri, na ndiyo sababu kitu hiki hakiniishi tumboni.

Kesho yake asubuhi nilikuja na mkokoteni wa kukodi, nikaanza kung'oa miche na udongo wake, naifunga kwa magunia. Akatoka na kikombe cha chai mkononi, anapiga mluzi. Akasimama.

"Petero, wewe nafanya nini?"

"Natoa miche yangu, Bwana."

"Yako?"

"Ndiyo, Bwana. Ulinipa ruhusa kupanda."

Akacheka. Alicheka kwa upole, mwanangu, kama mtu anavyocheka mtoto akisema mwezi ni wake. Akasema, "Mimi nasema panda. Mimi hapana sema chukua. Hii shamba yangu. Kitu iko ndani ya shamba yangu ni yangu."

Nikamweleza juu ya maji ya Sosiani. Nikamweleza juu ya mbegu za barabarani. Nikamweleza desturi yetu yote kuhusu mti na mkono, na alinisikiliza mpaka mwisho, hata chai ikapoa. Kisha akasema hiyo ni hadithi nzuri sana, na kwamba nikitoa mche hata mmoja nje ya lango, itakuwa wizi, na itabidi aite askari, na hatapenda kufanya hivyo kwa mtu mwaminifu kama mimi.

Nikashusha magunia. Mwenye mkokoteni akaniuliza mbele ya wote nani atamlipa. Sikuwa na miche, sikuwa na leseni, na kwa ile sahihi nzuri sikuwa tena mtu wa mtu yeyote. Ukikaa mjini bila jina la tajiri kwenye kipande unakamatwa. Nikakaa chini kwenye majivu ya mpishi. Baadaye Bwana Mluzi akasema kama nataka, naweza kurudi kazini, ila kwa mshahara wa mtu mpya, kwa sababu kwa karatasi mimi ni mtu mpya. Nikasema asante. Mchana ule ule nilirudisha miche ardhini kwa mikono yangu, nikainywesha isife. Aliiuza yote kwa wale akina mama wa chai, na mimi ndiye niliyetumwa kwenda kuipanda majumbani kwao. Ule ua mkubwa unaoupenda, unaopita ukiugusa kwa fimbo tukienda sokoni, ni ile kayaba.

Nyumbani sikurudi. Habari ilinitangulia, na watu wakaanza kuniita Kontrakta. Niliona haya. Nilisema nitaenda mavuno yakifika, kisha nikasema Krismasi, kisha nikaacha kusema. Babu yako alituma watu waniambie hajali mabati, anataka tu kuona uso wangu na wa huyo mtoto aliyezaliwa. Nikawajibu nina kazi nyingi. Akafa akiwa chini ya paa lilelile linalovuja, nami nikaenda kumzika nikiwa na wewe mgongoni mwa mama yako. Kuona haya ni kitu kibaya, Elisha. Umaskini haukunizuia kumwona baba yangu. Nauli ilikuwepo, na miguu ilikuwepo.

Sasa najua utasemaje. Ulilisema juzi, ingawa hukujua ulikuwa unanijibu mimi. Ulisema wewe umefika Standadi Siksi, unasoma Kizungu, na umeusoma mkataba wa Kaburu mwanzo hadi mwisho. Nami niliusoma, ulipokuwa umelala, kwa pole pole yangu. Humo zimeandikwa saa za kuamka, posho ya unga, adhabu ya kutoroka. Kitalu hakimo. Ulipomuuliza, alisema hayo ni mambo madogo, tutaona. Uliniambia neno hilo kwa furaha. Mimi nililisikia kwa mluzi.

Na hata angeliandika, nani angekwenda kusimama mbele ya nani na karatasi hiyo? Nimefikiri jambo hili miaka yako yote. Nilikuwa nadhani nilishindwa kwa sababu sikuuliza vizuri. Kisha nikadhani ni kwa sababu sikusoma. Ndiyo maana ulisoma, nami nikala mara moja kwa siku ili usome. Sasa umesoma, na unakwenda kupanda miche nyuma ya ghala la mtu. Sioni mlango, mwanangu. Nimeutafuta kwa uaminifu na siuoni. Ile karatasi ya ofisini bado ipo vilevile. Nilipita pale mwezi uliopita, karani ni mwingine, koti lingine, na mahali pa tajiri bado ni juu.

Utaniuliza basi kwa nini sikuzuii. Nitakuzuia ukae wapi? Memsab mwenye nyumba hii tunayokaa amesema mara mbili kwamba kijana mwenye ndevu asilale kwenye chumba cha boi. Tangu uchukue kipande chako, askari wa mji anaweza kukusimamisha siku yoyote akuulize wewe ni wa nani. Ukisema wewe ni wangu, hilo si jibu. Usiku wa juzi nililala nikipanga maneno ya kukwambia usiende, na kila nilipofika mwisho wa maneno hayo nilikuona umefungwa pingu pale sokoni. Kwa hiyo nimekunolea panga.

Wala sitakuambia usipande. Nakujua. Ukiona mbegu imeanguka utaiokota, ulikuwa hivyo tangu hujaweza kutembea sawasawa, ni kama nilikuambukiza. Utapanda, itashika, utaipenda, utaamka alfajiri kuiangalia kabla ya kengele. Furaha hiyo itakuwa ya kweli, na pengine ndiyo peke yake utakayoipata kwa kazi hiyo, basi usijinyime. Ila asubuhi ile ikifika, yule Kaburu wako akitoka na kikombe chake, usibishane naye sana, na usishike panga. Hilo nakuomba kwa magoti. Shusha magunia. Mche si kitu cha kufungiwa jela.

Kisha ondoka siku hiyohiyo. Usiogope watakavyokuita, na usikae Moiben ukisubiri upate kitu kidogo cha kubeba mkononi. Ukifika na kutukuta hapa, sawa. Kama tumeshatolewa kwenye chumba hiki, fuata barabara ya Turbo, uliza kwetu. Najua utarudi bila kitu, Elisha. Rudi hivyo hivyo, upesi, mimi baba yako ningali hai.

Naishia hapa, maana nasikia sauti zenu barabarani.

Ni mimi,
Petero, baba yako